Nilimlisha Diwani Maneno

Ifakara,
Jumapili, 18 Juni 2023

Digna,

Nimekukosea. Salamu zitakuja baadaye, maana najijua. Nikianza na hujambo na habari za huko, nitazunguka mpaka karatasi iishe sijasema kitu.

Nimekukosea pale makaburini Jumamosi ile tuliyomzika baba yako. Nilishika kipaza sauti nikasoma wasifu wa marehemu, nikataja watoto watano, nikaanza na Vitus. Wewe ndiye wa kwanza. Ulizaliwa Vitus hajafikiriwa. Na kwa vile mwongozaji alikuwa anaita watu wa kuweka mashada kwa kufuata nilivyosoma mimi, wewe hukuitwa. Nilikuona. Ulisimama karibu na wanakwaya, shada mkononi, peke yako. Wakaitwa watoto, wakaitwa wajukuu, wakaitwa wenyeviti wa vitongoji, akaitwa mpaka mwakilishi wa wenye mashine za kukoboa mpunga. Wewe ukabaki umesimama.

Hilo ni kosa moja. La pili ndilo linaloniuma zaidi. Kabla sijasoma nilisema, nadhani unakumbuka: "Ndugu waombolezaji, wasifu huu sikuutunga mimi. Ni maneno ya Diwani wetu mwenyewe, Gasper Mponji. Aliniandikisha akiwa kitandani hospitali." Watu wakanyamaza hata watoto. Na ni kweli aliniandikisha, neno kwa neno. Lakini nilichosoma sicho alichoniandikisha. Yeye alikutaja. Alikutaja wa kwanza, na mama yako Apolonia akamtaja kwa jina.

Kwa hiyo kama ulipanda basi ukiamini baba yako amekukana kwa mdomo wake, tena akijua anakufa, hilo si kweli. Ni mimi.

Nikueleze ilivyokuwa. Asubuhi ya mazishi niliitwa chumbani na familia. Mjane, Mama Vitus, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ndugu zake wote wamemzunguka. Akaniambia, "Evarist baba, huyo wa Mlimba asisomwe. Mbele ya Padri, mbele ya wageni wa Halmashauri, uso wangu nitauweka wapi?" Kaka zake wakaniangalia. Unajua ule ukoo ulivyo mkubwa katika kata yetu. Mtu ungefanyaje? Nikakata sehemu yako.

Simu nimekupigia haipokelewi. Nadhani umenizuia, na haki unayo. Ndiyo maana naandika kwa mkono, na barua nampa Balbina, yule mama wa mchele anayekwenda huko kila wiki.

Baba yako nimekaa naye kwenye siasa tangu 2005. Yeye Diwani, mimi mtu wake wa kampeni. Sikustahili kumfanyia hivi, wala wewe.

Msalimie mama. Naona aibu hata kuliandika hilo.

Evarist Mkwera


Mlimba,
Ijumaa, 23 Juni 2023

Bwana Evarist,

Shikamoo. Hiyo nimeiandika kwa sababu nimelelewa na mama yangu vizuri. Usije ukadhani ni heshima.

Unasema mtu ungefanyaje. Mtu angekohoa, akasoma kilichoandikwa. Basi.

Shada lile nilirudi nalo. Nilipanda nalo basi nimelipakata, watu njiani wakawa wananipa pole na kuniuliza maziko ni saa ngapi, wakidhani ndiyo kwanza nakwenda kuzika. Nikawa naitikia tu, asante, asante.

Lakini hayo yangu. Nikuambie ambalo wewe hujaliona. Mama mkwe wangu, Mama Justa, alikuja kule na wazee wa upande wa mume wangu watatu. Walikuja kama wakwe. Walileta mbuzi na mchele na doti za vitenge kwa mjane, kama wakwe wanavyofanya. Hakuna mtu aliyewapokea. Mbuzi wakamfunga wenyewe kwenye nguzo ya turubai. Wazee wakakaa nyuma kule kwa wapita njia, wakala wakiwa wamesimama. Halafu ndiyo wakasikia wewe unasoma watoto watano, na kwamba ni maneno ya marehemu mwenyewe.

Unajua Mama Justa alisema nini tulipofika nyumbani? Hakugomba. Alivua viatu, akakaa, akasema, "Kumbe mwenzetu baba ulimwokota." Miaka yote niliyoolewa hapa nimekuwa binti wa Diwani. Sasa kila nikikosea chumvi kwenye mboga ni baba wa kuokota. Mume wangu hamkatazi mama yake. Naye alisikia.

Unaniambia nisiamini. Sawa, mimi naweza nisiamini peke yangu humu chumbani. Mama Justa je?

Maswali mawili. La kwanza, baba alisema nini hasa? Mama anataka kujua, hataki kusikia tu kwamba alitajwa, anataka maneno. La pili, mwisho wa ule wasifu ulisoma kwamba marehemu anasema kazi yake ameiacha mikononi mwa Evarist, wananchi wamuunge mkono. Hilo nalo alilisema?

Digna Gasper


Ifakara,
Alhamisi, 29 Juni 2023

Digna, Mama Lukelo,

Marahaba. Nimeipokea na mwiba wake.

Ya wakwe zako sikuyajua. Nimekaa nayo siku nzima. Niliona wazee wanne wageni pale nyuma, nikadhani ni watu wa saruji waliokuja kumdai marehemu. Nisamehe, ndivyo nilivyodhani.

Mama anataka maneno. Naomba kwanza nikueleze baba yako kwa upande niliouona mimi, ili maneno yenyewe yakija myaelewe.

Gasper hakutafuta siasa. Alikuwa na mtumbwi na nyavu, na shamba la mpunga ambalo mto ulikuwa unalichukua kila mvua ikizidi. Mwaka mmoja ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa watu, vijana wetu wakashika mapanga, wenye ng'ombe wakashika fimbo zao. Baba yako akapita katikati. Kisukuma alikuwa anajua cha kuombea maziwa tu, lakini alikisema kwa sauti kubwa, bila aibu, amekikosea chote. Wale wenye ng'ombe wakaanza kucheka. Akaniambia baadaye, "Evarist, mtu anayecheka panga linakuwa zito." Uchaguzi wa 2005 ulipokuja watu wakamchukulia fomu bila kumuuliza.

Udiwani wenyewe, nisikufiche, ulikuwa wa kawaida. Kwenye vikao alikuwa anasinzia. Kitu chake kikubwa ni lile kalavati la njia ya mashineni, alilipigania miaka mitano, na lilipojengwa maji yakawa yanarudi nyuma yanaingia shuleni. Watu wakamwita Mheshimiwa Kalavati. Mwaka 2010 wakamwangusha. Alikuja kwangu kesho yake, akakaa kwenye benchi, akaniuliza, "Hivi mtu akishashindwa anaamka saa ngapi?" Nilimwonea huruma. Miaka mitano hiyo ndiyo alilima kweli kweli, akaomba msamaha shule kwa shule, nyumba kwa nyumba, na 2015 wakamrudisha. Sijaona mwanasiasa mwingine aliyeomba kura kwa kuonyesha alichoharibu.

Na zile safari zake za kuja kwenu, mimi ndiye niliyekuwa nazilinda. Akipanda treni, watu wakimwuliza, nasema Mheshimiwa yuko kikaoni. Kata nzima ikaamini ina diwani mwenye vikao kuliko wote. Siku moja Mwenyekiti wa kitongoji akamwambia mbele yangu, "Mheshimiwa, utakufa na vikao." Akaitikia, "Ndiyo kazi tuliyoiomba."

Sasa nina ombi, na ulisome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Kiti cha baba yako kiko wazi, kuna uchaguzi mdogo, na chama kinafanya kura za maoni mwezi wa nane. Mimi nimechukua fomu. Ukoo wa Mama Vitus umeniahidi. Nikisimama leo nikasema niliyokuambia, nitapoteza kila kitu, na wewe hutapata zaidi. Naomba tuvumilie mpaka kura zipite. Zikishapita nakuja Mlimba mwenyewe kwa miguu yangu, nakaa mbele ya Mama Justa na wazee, nawaambia kila kitu. Na maneno ya baba nitakuwa nimeyaandika vizuri, mama asomewe.

Ni wiki chache tu.

Evarist


Mlimba,
Jumanne, 4 Julai 2023

Bwana Evarist,

Nimesoma mpaka mwisho kabla sijakasirika. Halafu nikakasirika.

Baba naye alikuwa anasema hivyo hivyo. Nilipopata kipaimara alisema angekuja, lakini ilikuwa karibu na uchaguzi, tuvumilie upite. Nilipoolewa alikuja siku mbili baada ya harusi, amebeba gunia la kambale waliokaushwa, akasema mwanangu unajua mambo ya kura. Mahari yangu alipokea mjomba. Mimi nimekua naambiwa uchaguzi upite. Haujawahi kupita.

Usije Mlimba. Hapa hukunikosea. Ulinikosea huko, na kipaza sauti, mbele ya watu wa huko. Ukija hapa kwangu kunong'ona sebuleni, Mama Justa atasema tumekulipa uje kusema uongo. Mimi ningekuwa yeye ningesema hivyo.

Umenieleza baba yangu kana kwamba mimi simjui. Nikueleze wangu. Akija alikuwa anakaa kwenye kigoda jikoni, mama anapika, anafanya mazoezi ya hotuba. Anainua mkono, "Ndugu wananchi!" Mama anamwambia, "Ndugu mwananchi, koroga uji usiungue." Anakoroga, anaendelea kuhutubia. Akikosea neno anarudia kuanzia mwanzo. Mimi ndiye nilikuwa mkutano wa hadhara, nimekaa juu ya gunia, napiga makofi. Kwa hiyo usiniambie alivyokuwa. Niambie alichosema.

Na umeruka swali langu la pili. Nimeigeuza karatasi yako mbele na nyuma, jibu halimo.

Digna


Ifakara,
Jumatatu, 10 Julai 2023

Digna,

Niliruka kwa makusudi.

Tangu nilipopata barua yako kumetokea jambo. Balbina, Mungu ambariki, hana kifua. Alimwambia mtu gengeni kwamba anabeba barua zangu kwenda Mlimba, na Alhamisi Mama Vitus akaja nyumbani kwangu. Alikuja peke yake, amevaa kaniki ya msiba, hakutaka kiti. Mke wangu akamletea maji, hakunywa.

Akasema, "Shemeji, unaandikiana na mtoto wa Apolonia."

Nikasema ndiyo.

"Unamwambia mimi ndiye nilikufunga mdomo."

Hakungoja nijibu.

"Nilikuomba asisomwe, ni kweli, na nitalijibu kwa Mungu wangu. Nilikuwa na uchungu. Lakini unadhani mimi nilikuwa sijui? Kikao gani cha Halmashauri mtu anaendea na gunia la samaki? Miaka yote nilikuwa nawafunga mwenyewe wale samaki, Evarist, nawapanga kwenye gunia, namwambia safari njema. Mimi nilisema msimsome. Nani alikutuma useme ni maneno ya marehemu? Nani alikutuma umlishe mume wangu maneno? Na lile la kwamba amekuachia wewe kazi, alikuambia saa ngapi? Maana mimi nilikuwa nakaa pale pale kitandani, nilitoka kwenda kuchota chai tu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kile kikombe cha maji. Ndipo aliponiangalia, Digna. Sijawahi kuangaliwa hivyo humu ndani kwangu.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana. Hakulisema. Hakunitaja kabisa. Katika wasifu wake wote mimi simo, hata kwa kubeba viti vya mkutano. Nilipomaliza kukutoa wewe pakabaki nafasi, na nikaona ni kubwa. Nikajiweka mimi. Nikaona nikisema tu kwamba nimeyaandika mwenyewe, watu hawatanisikiliza. Nikasema ni yake. Mama Vitus hakuniomba hilo. Wala kaka zake. Hakuna aliyenishikia panga. Nilipokuandikia kwamba mtu ungefanyaje, nilikuwa bado nawapakazia wengine.

Kilichoniuma pale kitandani nadhani ni hicho. Nilimngoja anitaje. Nilishika kalamu nikingoja. Akafika mwisho, akasema amina, akageukia ukutani.

Haya sasa, maneno yake. Karatasi yenyewe niliitia motoni siku ya mazishi, mjinga mimi. Lakini unamjua alivyokuwa na hotuba. Kila sentensi alinifanya niirudie kwa sauti mpaka akaridhika. Niliandika "kiongozi mahiri", akasema, "Futa mahiri, unataka watu wacheke kaburini?" Kwa hiyo yamo kichwani mwangu yote, siwezi kuyatoa hata nikitaka. Msomee mama taratibu.

"Naitwa Gasper Mponji. Nilizaliwa ng'ambo ya mto, mwaka wa mafuriko, mama yangu alijifungua juu ya dari la mpunga. Nimevua samaki kabla sijavaa viatu. Shule nilifika darasa la saba nikaishia hapo.

"Mtoto wangu wa kwanza ni Digna. Mama yake ni Apolonia wa Mlimba. Nilikaa naye kambi moja ya wavuvi, tukala sahani moja, halafu nikamwacha. Nikaja Ifakara nikafunga ndoa na Leticia, ambaye amenivumilia. Kwa Leticia nina watoto watano, Vitus na wadogo zake. Jumla ni sita, wala msinihesabie pungufu.

"Nimekuwa Diwani wa kata hii. Kalavati la mashineni nililikosea mimi. Wazee waliniambia maji yanatoka wapi, nikawaambia mimi ndiye mwenye ramani. Madarasa mawili yale ni ya wananchi, mimi nilipiga picha tu. Ugomvi wa ng'ombe nilisuluhisha kweli, hilo niandikieni.

"Digna sikuwahi kumtaja jukwaani. Niliogopa kura. Kila uchaguzi nilisema huu ukipita nitamleta, nimsimamishe mbele yenu, niseme huyu ni wangu. Sasa nimefika mahali hakuna uchaguzi mwingine. Ndugu wananchi, huyu ni wangu. Mpokeeni na wakwe zake. Amina."

Ndivyo alivyosema. Alisema "ndugu wananchi" kabisa, amelala, mkono ukataka kuinuka.

Sijui sasa unataka nifanye nini. Sema wewe.

Evarist


Mlimba,
Ijumaa, 14 Julai 2023

Baba mdogo,

Shikamoo.

Nimemsomea mama. Aliniambia nirudie, nikarudia. Nikafika pale "halafu nikamwacha", akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Muongo huyo! Mimi ndiye niliyemtupia nyavu zake nje. Kaja kunywa pombe siku ya ubatizo wa mtoto, nikamwambia nenda, na akaenda. Aniache mimi yeye nani?" Nikamuuliza sasa nikuandikie urekebishe? Akasema hapana. Akasema, "Mwambie Evarist asome alivyosema mwenyewe. Makosa yake abaki nayo. Wakianza kumrekebisha hawatamaliza." Halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu, sikumfuata.

Mimi sijacheka. Nimefurahi na sijafurahi. Ameniita wake, sawa. Lakini alikuwa na sauti miaka yote hiyo, akangoja mpaka imebaki ya kitandani, akaikabidhi kwa mtu ambaye naye anataka kura. Wote wawili mlinipima kwenye mizani ile ile mkaona sifiki. Usidhani nimesamehe. Siku nikisamehe nitakuambia, hutahitaji kukisia.

Unauliza nataka ufanye nini. Mtu mzima na mvi zako unaniuliza mimi?

Nitakuambia moja tu. Kuna arobaini yake wiki ijayo. Mama Vitus amenitumia ujumbe kwa simu, sikutegemea. Ameandika, "Njoo, mwanangu. Nitakuwepo." Maneno hayo tu. Nimemshukuru, lakini mimi sitakuja. Sitaki usimame uniangalie mimi usoni, halafu watu walie, halafu ionekane yameisha. Na sitaki useme kwa sababu nipo.

Atakayekuja ni Mama Justa. Nilimwambia kuna arobaini, nikamwomba aende badala yangu. Akaniuliza, "Kwa nani? Kwa baba yupi?" Nikamwambia nenda tu, mama. Akagoma siku mbili, jana akasema ataenda, maana anataka kuona kama mbuzi wake atafungwa tena kwenye nguzo. Yeye ndiye aliyesikia pale makaburini. Yeye ndiye asikie tena. Atakuja na basi la asubuhi, na wazee wawili.

Kugombea, gombea. Mimi si mpiga kura wa huko.

Mwanao,
Digna


Ifakara,
Jumatatu, 17 Julai 2023

Mwanangu Digna,

Marahaba. Nimeona ulivyoniita, sikustahili, sitaongeza neno hapo.

Nimeanza kutembea. Jana baada ya misa nilimfuata Mama Vitus, nikamwambia ninachotaka kufanya, nikamwomba ruhusa maana ni msiba wake. Akaniambia, "Ruhusa ya nini? Wakati ule uliomba?" Kisha akaniuliza wakwe zako ni watu wangapi, ili aongeze mchele. Kaka zake hawajanisalimia. Mmoja alinipitia na pikipiki karibu kunigonga, akasema, "Mheshimiwa mtarajiwa, kwaheri ya kuonana." Vijana wa kijiweni wamecheka sana. Fomu yangu bado iko chamani, sijaitoa. Niliwaza kuitoa ili nionekane nimetubu, halafu nikaona hiyo nayo ingekuwa kampeni. Ibaki. Watu wakishasikia niliyoyafanya, wataamua wenyewe cha kunifanya, na nadhani ninakijua.

Naogopa. Nikuambie ukweli, naogopa kuliko siku tulipopita katikati ya mapanga na baba yako, maana siku ile nilikuwa nyuma yake.

Sasa sikia nitakachofanya, na umwambie mama, na umwambie mume wako. Jumamosi hii, tarehe 22 Julai, asubuhi nitakuwa stendi kabla basi la kutoka kwenu halijaingia. Nitampokea Mama Justa na wazee kwa mikono miwili, mbuzi nitamshika mimi kamba mpaka nyumbani kwa marehemu, na nitawakalisha mbele, upande wa wakwe, pale walipokaa wakwe wa Vitus. Misa ikiisha, kabla sahani hazijagawiwa, maana watu wakishakula hawasikii, nitaomba kipaza sauti. Nitasema mimi Evarist Mkwera niliusoma wasifu wa Gasper Mponji uongo, nilimtoa binti yake wa kwanza nikajiweka mimi, na hakuna aliyenituma kujiweka. Kisha nitayasema maneno yake yote, kuanzia dari la mpunga mpaka amina, na pale "halafu nikamwacha" sitagusa. Watoto nitahesabu sita.

Nikimaliza nitampa Mama Justa kipaza sauti. Akitaka kuniuliza, aniulize mbele ya kata yote, nami nitamjibu.

Baba yako mdogo,
Evarist